Wakuu wa Idara Wawili na Likizo ya Lazima

Kisa hiki nililetewa na rafiki anayefundisha chuoni, naye aliletewa na mwingine. Ni kirefu kidogo. Ukikianza kimalize, halafu mpelekee yule unayeona kitamgusa.

Palikuwa na chuo cha kilimo katika nchi ya migomba. Mkuu wa chuo hicho alikuwa mama mmoja mtulivu, Profesa Kokugonza, aliyekuwa anakaribia kustaafu. Baraza la chuo lilimwomba apendekeze mtu wa kushika nafasi yake, na watu wote chuoni walijua kwamba hapo yangetajwa majina mawili tu.

La kwanza ni la Dokta Byemerwa, mkuu wa Idara ya Migomba. Huyu alijulikana hadi vijijini. Maabara yake ndiyo iliyokuwa ikikuza miche safi, isiyo na ugonjwa, na wakulima walioipanda walikata mikungu ya kubebwa na watu wawili. Vyuo vingine vilijaribu kukuza miche ya namna hiyo, lakini yao mingi ilikuwa inaharibikia shambani bila mtu kuelewa kwa nini. Wageni wakija kutaka kujua, Byemerwa aliwapa chai, akawatembeza maabara nzima, akawasindikiza hadi getini. Waliondoka wamefurahi, lakini walichokifuata hawakukipata.

La pili ni la Dokta Leokadia, mkuu wa Idara ya Udongo. Kuhusu yeye watu hawakuwa na mengi ya kusimulia. Idara yake ilipima udongo wa wakulima na kuwashauri, ikafanya kazi yake, basi. Hata vikao vya idara mara nyingi havikuongozwa na yeye. Wahadhiri wake waliviongoza kwa zamu, na Leokadia alikaa kwenye kiti cha pembeni akiuliza maswali kama mgeni.

Siku moja Profesa Kokugonza aliwaita wote wawili ofisini kwake. Aliwaambia kwamba baraza linataka jina moja, na kwamba kabla ya kulitoa ana ombi. Wachukue likizo ya muhula mzima. Waende makwao, wasije chuoni, wasipige simu ya kazi wala kupokea. Mwisho wa muhula baraza litakaa, na siku hiyo yeye atasema amemchagua nani.

Byemerwa aliuliza wakiwa likizoni watapimwa kwa kitu gani. Profesa akajibu kwamba hilo angependa kulinyamazia kwa sasa.

Kisha akamwomba Leokadia asubiri nje, akamuuliza Byemerwa swali moja.

"Dokta, kuna jambo lolote la idara yako unalolijua wewe peke yako?"

"Hakuna, Profesa," Byemerwa akajibu. "Vijana wangu wana kila kitu."

Alipotoka, Leokadia aliingia akaulizwa vilevile. Yeye hakujibu papo hapo. Aliomba apewe muda akafikirie. Baada ya siku chache alirudi akasema kwamba alikuta mambo kadhaa ambayo hata yeye hakujua kuwa anayajua peke yake, na kwamba ameshakaa na wenzake akawaonyesha. Ndipo akafunga safari kwenda kwao.

Chuoni maneno yakawa mengi. Kila mtu alitaka kujua Profesa anatafuta nini. Kuna mtu na akili zake anayempima mtu kwa kumwondoa kazini? Kwenye chumba cha chai wakabishana wiki nzima, mwishowe wengi wakakubaliana: mwanamama huyu anataka kuona ni nani asiyeweza kukosekana. Idara itakayoyumba zaidi, mkuu wake ndiye mwenye thamani zaidi.

Byemerwa naye alifikiri hivyohivyo, na moyo wake ukatulia. Maana alikuwa amemdanganya Profesa.

Lipo jambo alilolijua yeye peke yake. Miche ya maabara hukuzwa kwa kukata chipukizi moja vipande vidogo. Kila kipande huwekwa kwenye chupa, hukua, kisha nacho hukatwa vipande. Ukiendelea kukata mno, baadhi ya miche huanza kupotoka. Haiugui, haikauki. Hukua vizuri na kupendeza, lakini ikifika wakati wa kuzaa hutoa kijimkungu cha hovyo, au isitoe kabisa. Mkulima hugundua baada ya mwaka na zaidi, wakati ardhi, mbolea na jasho lake vimeshapotea.

Byemerwa alikuwa na jicho la kuitambua miche hiyo ingali midogo kitaluni. Kila Jumamosi asubuhi aliingia kitaluni, akafunga mlango, akang'oa mibaya na kuitupa. Pia ndiye aliyejua ni lini chipukizi fulani limekatwa vya kutosha na linatakiwa kuachwa. Wasaidizi wake walipouliza kwa nini miche ile imetupwa, alijibu kwamba hayo wamwachie yeye.

Tusimlaumu upesi. Alipokuwa msaidizi wa mhadhiri, bado kijana, aliwahi kugundua njia ya kuifanya miche itoe mizizi haraka. Kwa furaha akamweleza profesa aliyekuwa akimsimamia. Miezi michache baadaye, kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu, alimsikia profesa yuleyule akiisoma njia ile mbele ya watu kama kazi yake mwenyewe. Walimpigia makofi, na Byemerwa aliyekuwa amekaa mistari ya nyuma akapiga makofi pamoja nao, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Toka siku ile hakumweleza mtu yeyote jambo ambalo lingeweza kuchukuliwa.

Basi akaenda kwao kijijini, kwa dada yake mkubwa, Paskazia.

Nyumba ya Paskazia ilikuwa katikati ya kibanja, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba pande zote. Lakini Byemerwa alipofika alikuta uwanja mtupu. Mnyauko, ugonjwa unaokausha migomba, uliingia msimu uliopita, na bwana shamba akaamuru migomba yote ikatwe na kuchomwa. Mgomba uliopandwa na bibi yao, mgomba uliokuwa ukiwapa kivuli cha kupikia, yote ilikuwa imekwenda. Paskazia alikuwa anakula ugali badala ya ndizi, kama mgeni wa nchi ile, na alisema jambo hilo huku ametazama pembeni.

Aliongeza kwamba amejiandikisha kupata miche ya chuo. "Miche yenu," alisema. "Nimeshachimba mashimo."

Siku zikapita. Byemerwa alipumzika kwa wiki ya kwanza, kisha akaanza kukosa raha. Alikaa barazani akitazama simu isiyolia. Sokoni alikutana na karani wa chuo, na ingawa alitakiwa akae mbali na mambo ya kazi, aliulizia. Karani akamwambia kwamba Idara ya Migomba mambo si shwari. Hakuna anayejua chupa zipi ziendelee na zipi ziachwe, wanabishana, na Adelina, mhadhiri kijana aliyeachiwa idara, amekonda.

Byemerwa alisema pole. Lakini akiwa njiani kurudi nyumbani alijikuta anatembea kama mtu aliyepata habari njema. Alipojigundua, akapunguza mwendo.

Alikuwa ameulizia pia Idara ya Udongo. Karani alifikiri kidogo, akasema kwamba kwa kweli huko hajasikia lolote. Byemerwa akamwonea huruma Leokadia. Mtu ameondoka muhula mzima, na hakuna hata anayetaja jina lake.

Ilipofika katikati ya muhula, lori la chuo lilileta miche kwenye ofisi ya kata. Watu walipanga foleni tangu asubuhi. Paskazia alirudi na yake ndani ya beseni, ameifunika kwa kitenge kama mtoto asichomwe na jua. Aliiweka uani, akamwita mdogo wake aje aone kazi ya chuo chake.

Byemerwa akainama, akachukua mche mmoja, akauinua. Akauchukua wa pili. Akachuchumaa na kuichambua yote, mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya nusu ilikuwa imepotoka.

Aliitenga mibaya upande mmoja. Paskazia akauliza ina kasoro gani. Akamjibu kwamba haifai tu, asiipande, na kwamba muhula ukiisha atamletea mingine mizuri.

Hapo ndipo alipoona jambo zima lilivyokaa, na sitaki kukuficha kwamba lilimvutia. Baraza lingekaa baada ya wiki chache. Angeweza kunyamaza hadi siku hiyo, kisha asimame na kuwaeleza: nimeondoka muhula mmoja, tazameni kilichopelekwa kwa wakulima. Nani angebisha tena? Ukuu wa chuo ungekuwa wake bila kupigiwa kura.

Paskazia alikuwa bado amesimama pale, anaitazama miche iliyotengwa.

"Na ya jirani zetu?" akauliza.

Byemerwa aliendelea kuipanga ile mibaya.

"Yangu umeichambua wewe. Ya kwao ataichambua nani?"

Alimwambia kwamba kata nzima imepewa miche, kwamba watu wameshaanza kupanda, na kwamba mtu mmoja hawezi kuipitia yote hata akitaka.

"Basi tuonyeshe na sisi," Paskazia akasema. "Unatazama nini hapo?"

Kwa miaka mingi wageni wenye shahada kubwa walimzungukia Byemerwa kwa maneno ya adabu wakitafuta jibu la swali hilo, naye akawakwepa wote. Sasa ameulizwa na dada yake aliyemlea, uani, mbele ya mashimo matupu, akakuta hana pa kukwepea.

Akamwambia achuchumae. Akamwonyesha jinsi jani la mche mzuri lilivyo refu na jembamba, na jinsi la mche uliopotoka lilivyo fupi na la mviringo. Akamwonyesha vikonyo vya majani, kwamba kwenye mche mbaya vimebanana mahali pamoja kama vidole vya ngumi. Kisha akamfundisha kuliinua jani kwenye jua. Likionyesha mabaka na michirizi iliyopauka, weka pembeni.

Paskazia alikosea mara kadhaa. Halafu akaacha kukosea.

Byemerwa alikaa chini kwenye nyasi. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watu, na amejiambia mwenyewe, kwamba jicho lile huchukua miaka kulipata. Kweli lilikuwa limemchukua miaka kulipata yeye, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Lakini kulionyesha kulichukua muda wa kuivisha chungu cha maharage.

Alasiri ile uani kwa Paskazia palijaa watu. Waliojifunza mapema wakawafundisha waliochelewa. Wengine walikwenda moja kwa moja mashambani kung'oa kile walichokuwa wamepanda asubuhi. Mzee mmoja aligoma, akisema miche yake imependeza kuliko ya wote, na hakuna aliyeweza kumshawishi.

Watu walipotawanyika, Byemerwa alivunja sharti la likizo yake. Alimpigia simu Adelina, akamweleza asitishe malori na asikate tena machipukizi yaliyokwisha kukatwa mno, akamweleza na sababu. Adelina alisikiliza mpaka mwisho.

"Dokta," akasema, "mimi niliiona ile miche imekaa vibaya. Nilishakuuliza zamani kuhusu miche ya namna ile, ukaniambia nikuachie wewe. Basi nikajua si kazi yangu kuuliza."

Byemerwa alisema ni kweli.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kata ya pili, na Adelina akaja na wanafunzi wakakutana huko. Akawafundisha wao, wao wakagawanyika vijijini. Katika kata nyingi waliwahi. Katika kata moja ya mbali hawakuwahi. Watu walikuwa wameshapanda, wameshaweka mbolea, na wengi hawakutaka kusikia habari ya kung'oa. Mwaka uliofuata huko palionekana migomba mizuri ya kijani isiyokuwa na mikungu, na chuo kililazimika kuwapelekea watu chakula pamoja na miche mipya. Byemerwa alikwenda mwenyewe kila safari. Hakuna aliyemtuma.

Siku ya baraza ilifika. Byemerwa aliingia akiwa ameshaamua la kufanya. Aliomba azungumze kwanza, akasimama, akasimulia yote: alivyomdanganya mkuu wa chuo, alivyofunga mlango wa kitalu miaka yote, alivyoifurahia habari ya idara yake kuyumba, na kwamba kwa sababu hiyo jina lake liondolewe. Akaeleza na kisa cha mkutano ule wa ujanani. Alisema hakielezi ili ahurumiwe, ila asingependa kijana mwingine apitishwe njia ile halafu watu washangae akifunga mlango.

Profesa Kokugonza alisema kwamba yeye pia ana sehemu yake. Aliuliza swali mara moja, akapewa jibu rahisi, akaridhika nalo kwa sababu lilimwondolea kazi ya kuchunguza. Likizo ile aliiweka ili ajue ni idara ipi inayobeba kile inachokijua kwa mikono mingi. Lakini ilikuwa imepita juu ya wakulima ambao hawakuomba kufanyiwa mtihani, na hilo litabaki kwenye utumishi wake.

Kisha mjumbe mmoja wa baraza, mzee mfanyabiashara aliyependa kusema mambo waziwazi, akamgeukia Dokta Leokadia. Alisema alitembelea Idara ya Udongo mara kadhaa muhula huo, kwa makusudi, kutaka kuona kama mkuu wake amekosekana. Alikuta kazi inakwenda. Alikuta hata wamepata njia mpya ya kupima udongo wenye chumvi, ambayo mkuu wao hajaiona bado. Alipouliza Dokta Leokadia yuko wapi, mtumishi mmoja alijibu kwamba yuko darasani, kwa kuwa hakuwa amejua kwamba ameondoka.

Watu wakacheka. Mjumbe akauliza taratibu kabisa: kama idara inakwenda bila yeye, yeye anafanya kazi gani?

Leokadia alisema kazi yake ni hiyo. Alipoanza kuiongoza idara alikuta kila mtu amekalia lake, na mtu akiugua, lake linaugua naye. Basi akaweka desturi kwamba anayejua jambo amfundishe mwenzake, na mwenzake ndiye alieleze kikaoni, huku akimtaja aliyemfundisha kwa jina. Hapo hakuna linalopotea, na hakuna anayeibiwa.

Aliposema neno hilo la mwisho alisita kidogo, akamtazama Byemerwa.

"Yule profesa aliyekuchukulia kazi yako," akasema, "mimi pia alinisimamia. Na mimi alinichukulia. Ilikuwa utafiti wangu wa kwanza, aliuchapisha kwa jina lake."

Byemerwa alibaki anamwangalia. Ofisi zao zilipakana. Kwa miaka yote hiyo walisalimiana kila asubuhi kwenye korido ileile, kila mmoja na jeraha lake, na ni jeraha moja.

Profesa Kokugonza akamtaja Leokadia, na baraza halikuchukua muda. Leokadia alipitishwa kuwa mkuu wa chuo, na Byemerwa alikuwa wa kwanza kuinua mkono kumkubali. Katika kikao hichohicho, kwa ombi la Byemerwa, walipitisha kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kazi itakayotoka chuoni, iwe makala, mche au ushauri, bila kutaja jina la kila aliyechangia, awe profesa au mwanafunzi. Adelina alikabidhiwa kitalu, na mlango wake hauna kufuli hadi leo.

Kikao kilipoisha, wajumbe walikwenda kula. Byemerwa alimkuta Leokadia amesimama kwenye ngazi za ukumbi, anatazama wanafunzi wakivuka uwanja kwenda madarasani. Akasimama kando yake.

Kisha akamuuliza jambo lililokuwa linamsumbua tangu ndani. Kama na yeye aliibiwa vilevile, na mtu yuleyule, aliwezaje kuendelea kufundisha kila alichokijua? Hakuogopa?

"Niliogopa," Leokadia akasema. "Hata sasa naogopa. Lakini alinichukulia utafiti mmoja. Kama ningenyamaza baada ya hapo, ningekuwa nimempa na wanafunzi wangu wote."

Byemerwa aliinamisha kichwa. Alikuwa anafikiria sura za vijana waliopita mikononi mwake, mwaka baada ya mwaka, ambao aliwapa vyeti na kuwanyima jicho. Alijaribu kuwahesabu, akashindwa.

Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba laiti siku moja, katika miaka yote ile, angebisha hodi kwenye ofisi ya jirani.

"Ningekukaribisha," Leokadia akasema.

Funzo: Anayeficha ujuzi wake kwa kuogopa kuibiwa huwadhuru watu ambao hawakumwibia chochote. Wewe fundisha unachokijua ungali upo, mtaje kwa jina aliyekufundisha, na kama unaongoza chuo au ofisi, hakikisha anayetoa alichonacho hajutii kukitoa.